Wale wa Zamu ya Pili

Kazi yangu ni udobi. Nasema hivyo bila kupunguza sauti, hata kwenye mikutano ya wazazi shuleni, ambako mmoja husema yeye ni wa benki, mwingine wa serikali, kisha macho yote yananigeukia. Nawaambia mimi ni dobi. Wengine hucheka kidogo wakidhani natania, kwa sababu dobi wanayemjua ni yule mama wa beseni na kipande cha sabuni ya mche. Basi nawaeleza kuhusu kiwanda chetu kule Industrial Area, ambako shuka na taulo za mahoteli huingia kwa malori zikiwa na madoa ya kila aina na kutoka zimenyooka kama karatasi, na kwamba watu wote wanaoshika mashine pale, mimi ndiye mkubwa wao. Hapo kicheko huisha.

Lakini sikuanza hivyo. Nilianza kama kibarua wa kukunja taulo. Asubuhi nilitoka nyumbani Jericho kwa miguu, nikavuka barabara ya Jogoo, nikakata ndani ya Makongeni, nikavuka reli pamoja na mto mzima wa watu waliokuwa wakielekea viwandani kama mimi. Nilikuwa katika zamu ya asubuhi. Zamu ya pili iliingia saa nane mchana na kumaliza usiku, na kwa miaka yote niliyokaa kwenye zamu ya asubuhi sikuwahi kumwona mtu hata mmoja wa zamu hiyo ya pili.

Hilo linahitaji maelezo. Zamani, kabla yangu, kulikuwa na shuka zilizopotea, na haikujulikana zilipotelea mikononi mwa nani. Wenye kampuni wakaamua zamu mbili zisikutane. Sisi tulipomaliza tulipanga foleni kwenye geti la mbele, tukakaguliwa mifuko, tukaondoka. Ndipo geti la nyuma lilipofunguliwa wao wakaingia. Tulitumia mashine zilezile, sabuni ileile, hata vikombe vilevile vya chai, lakini hatukujuana hata kwa sura. Tuliwaita "wale".

"Wale wameacha shuka mbichi kwenye mashine tena." "Wale wametumia sabuni yote." "Wale ni wachafu." Maneno haya yalikuwa ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Ukifika kazini, kabla hujafunga aproni, unaambiwa wale wamefanya nini jana. Na kweli, ukifungua mlango wa mashine ya kufulia, harufu ya nguo zilizolala na maji ilikupiga usoni. Ilibidi tuzifue upya kabla ya kugusa kazi yetu wenyewe. Mtu anayeanza siku yake kwa kurudia kazi ya mwenzake hawezi kumpenda huyo mwenzake.

Aliyewachukia kuliko sote alikuwa mwalimu wangu. Namwita mwalimu kwa sababu ndiye aliyeniondoa kwenye kukunja taulo akanifundisha rola, ile mashine ndefu yenye mapipa ya moto: unaingiza shuka yenye unyevu upande huu, inatokea upande wa pili ikiwa kavu na imenyooka. Ukizubaa, inakula vidole. Alikuwa mzee wa Majengo, Pumwani, mtu wa kofia nyeupe isiyo na doa na Kiswahili kilichopigwa pasi kama shuka zake. Rola ile aliipenda. Aliifuta kabla ya kuiwasha na akaifuta baada ya kuizima, na akituona tunaweka kikombe juu yake, alikiondoa bila kusema neno na kutukabidhi mkononi.

Sasa mtu kama huyo, kila asubuhi alikuta mbele ya mashine yake bunda la shuka chafu limekanyagwa. Si kwamba limeanguka tu pale. Limekanyagwa, alama za viatu zinaonekana.

"Tazama," aliniambia siku moja, akilionyesha kwa ncha ya kiatu. "Mtu mwenye adabu zake anaweza kufanya hivi?"

"Labda walikuwa na haraka, mzee," nikasema.

"Kukanyaga hakutokani na haraka, binti. Huku ni kunitusi mimi."

Kabla ya mambo ya kukanyaga nguo kuanza, alikuwa akikuta kitu kingine: sanduku la mbao, la aina ile ya kubebea vipuri vya magari, limeachwa limeegemea rola yake. Aliliona ni takataka. Alilibeba mwenyewe mpaka kwa kijana wa boila, lile tangi la kuchemshia mvuke wa mashine, likaingia motoni pamoja na kuni. Baada ya siku chache lilikuja jingine. Nalo akalichoma. Alijua ya kwamba mwendesha rola wa zamu ya pili ni mwanamke, kwa sababu jina lilikuwa kwenye ubao wa zamu, na kutokana na hilo jina na masanduku na nguo zilizokanyagwa alikuwa amejiumbia mtu kamili. Alituambia ni mwanamke mkubwa, mnene, mwenye sauti ya kugombana, asiyesimama akisalimiwa. Tuliamini. Mimi mwenyewe ningeweza kukuchorea sura yake.

Siku moja meneja aliniita ofisini. Alikuwa kijana, mdogo kwangu kwa umri, na nilimpenda kwa sababu alikuwa anauliza jambo kisha ananyamaza mpaka umalize kujibu. Aliniambia msimamizi wa zamu ya pili amepata kazi Naivasha, na kwamba amefikiria nichukue nafasi yake.

Mama yangu alikuwa bado hai wakati huo, na nilijiona tayari nikimwambia. Lakini mdomo ulitangulia kusema jambo jingine.

"Wale hawatanikubali," nilisema.

"Wale kina nani?"

"Wale wa zamu ya pili."

"Unamjua yupi kati yao?"

Aliningoja, kama kawaida yake. Mwishowe nikasema simjui yeyote. Hakunicheka. Alisema tu, "Basi nenda ukawajue, halafu uje uniambie kama watakukubali au la."

Mchana wa kwanza niliingia kwa geti la nyuma. Ni kiwanda kilekile, lakini kwa geti lile kilionekana kama cha jirani. Mashine zilikuwa zimenipa mgongo. Nilisikia wanacheka ndani. Nilipotokea, kicheko kilikatika. Kijana mmoja kwenye mashine za kufulia alisema, "Niaje, madam," bila kuinua kichwa. Wengine walisalimia kwa heshima ile ya kumsalimia mgeni ambaye hujui kama amekuja kukudai au kukupa pole.

Kisha nikasikia mtu akisema, kwa sauti ya chini ambayo alitaka niisikie, "Wale wametuachia mlima tena."

Niligeuka. Kando ya mlango kulikuwa na mlima wa nguo chafu ambazo hazijatenganishwa, shuka na taulo na vitambaa vya meza vyote pamoja. Nilijua kwa nini zilikuwa pale. Lori la mchana lilifika wakati sisi wa asubuhi tunapanga foleni ya kukaguliwa. Hakukuwa na muda wa kuzigusa. Lakini hapa walikuwa wanaamini kuwa sisi huziona tangu asubuhi na kuziacha kwa makusudi. Na "wale" waliokuwa wakisemwa, kwa mara ya kwanza, ni mimi.

Nilijiambia nitakaa wiki moja bila kumrekebisha mtu, nitazame tu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko rola.

Nilichokiona kiliniingia pole pole. Zile shuka mbichi zilizokuwa zikituudhi asubuhi, zilibaki mashinini kwa sababu boila ilizimwa mapema jioni. Ofisi ndiyo iliyoamuru, ili kuokoa kuni. Bila mvuke hakuna kukausha, na nguo za mwisho hazikuwa na pa kwenda. Watu wa zamu ya pili walilalamika mpaka wakachoka. Walidhani sisi wa asubuhi tunajua. Sisi tulidhani wao ni wavivu. Katikati yetu kulikuwa na amri moja ndogo ya ofisi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikisha upande wa pili.

Na yule mwanamke wa rola. Nilipomwona mara ya kwanza sikujua kuwa ndiye. Nilikuwa namtafuta jitu. Niliona mama mfupi, mfupi kabisa, mtu wa Ukambani mwenye mikono myembamba na leso iliyofungwa vizuri kichwani, anatoka Mathare kwa miguu kila siku. Meza ya kuingizia shuka ilimfika kifuani. Nilimtazama akiburuta bunda la shuka chafu mpaka mbele ya rola, akalipigapiga kwa mikono kulisawazisha kama mtu anayetandika kitanda, kisha akapanda juu yake na kuanza kazi.

Nilimsogelea. "Mama, mbona unakanyaga nguo?"

Aliendelea kuingiza shuka. Kazi yake ilikuwa safi sana, pembe kwa pembe.

"Nisimame juu ya nini, mwanangu?" alisema. "Nilikuwa na sanduku. Likachomwa. Nikatafuta jingine pale gereji ya jirani, nikabembeleza nikapewa. Nalo likachomwa. Yuko mtu wa asubuhi ambaye ufupi wangu unamkera. Sasa nasimama kwenye nguo chafu, nazo zitafuliwa tu. Nguo hataweza kuzichoma."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimwambia namjua mtu huyo, kwamba ni mzee mwema. Hapo ndipo aliponitazama.

"Mwema," alisema. "Anayechoma masanduku yangu."

Jumapili nilikwenda Majengo kumwona mwalimu wangu nyumbani kwake. Mkewe alituandalia mahamri na chai ya tangawizi, akatuacha tuzungumze. Nilimweleza kila kitu: boila, lori, ufupi wa yule mama, sanduku. Niliamini kuwa nikishamweleza tu yamekwisha. Nilikuwa bado mchanga katika mambo ya watu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Umekwisha kuwa wao," alisema.

"Mzee, nimemwona kwa macho yangu."

"Umeona alichotaka ukione. Wewe sasa ni mkubwa wao, lazima uwatetee. Sikulaumu."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayempa mwenzake pole. Nilipita mitaa ya Shauri Moyo nikirudi nyumbani, nikajiuliza kwa nini maneno yangu yameshindwa kwa mtu aliyenifundisha karibu kila nilichokijua kazini. Na nilipofika Jericho nilikuwa nimepata jibu, ambalo sikulisoma popote. Mzee hakuwa na ugomvi na yule mama wa Mathare. Hakuwa amekutana naye. Alikuwa na ugomvi na lile jitu aliloliumba mwenyewe, na jitu hilo mimi singeweza kulitetea wala kulishtaki, kwa sababu lilikuwa ndani ya kichwa chake. Lilitakiwa kukutana na mtu wa kweli, uso kwa uso, ili limtoke.

Jumatatu nilipanda ofisini. Nilimwomba meneja nusu saa: zamu ya pili iingie kabla ya zamu ya asubuhi kutoka, watu wakutane, wapeane kazi mkono kwa mkono, wanywe chai.

"Na ukaguzi?" aliuliza.

"Tutakaguliwa wote. Hakuna atakayekasirika akikaguliwa pamoja na wenzake."

"Chai ni nani atanunua?"

"Kampuni," nikasema, nikajishangaa. "Shuka tunazofua mara mbili kila asubuhi zinakula sabuni na maji. Chai ni rahisi kuliko hizo."

Alinyamaza kama kawaida yake, lakini safari hii alikuwa anafikiria, hakuwa akiningoja mimi. Akasema atanipa wiki mbili. Na kuhusu boila, alitikisa kichwa, akasema kumbe, na kwamba ataagiza iachwe mpaka nguo za mwisho zikauke. Nataka kumtendea haki hapa: hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nguo hulala mbichi. Malalamiko yote ya jioni yaliishia kwa msimamizi wa zamani.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Mandazi yalikuwa tele, chai ya maziwa kwenye chupa kubwa, na pande mbili za watu zilisimama kila moja na ukuta wake, kama jamaa za bwana na bibi arusi siku ya kujadili mahari ambayo haijakubalika. Hata watu waliotoka mtaa mmoja walitazamana kando. Nilizunguka na chupa nikimimina chai, nikasema hiki na kile, na kila nilichosema kilianguka sakafuni. Nilimwona meneja juu kwenye ngazi za ofisi akitazama. Nilitamani aende.

Mwalimu wangu hakuja kunywa chai. Alikuwa kwenye rola, anamaliza shuka zake za mwisho na kuifuta mashine. Nilimwendea yule mama mfupi, nikamshika mkono, nikamwambia twende. Hakuniuliza wapi.

"Mzee," nilisema tulipofika, "nimekuletea mwenzako wa jioni."

Aligeuka na kitambaa mkononi. Aliangalia juu ya kichwa cha yule mama, akatazama nyuma yake, kushoto, kulia.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Ni mimi," yule mama alisema, kutoka huku chini.

Mzee alishusha macho. Sijui kama nitaweza kuieleza sura yake. Ilikuwa ya mtu aliyeingia nyumba ambayo ameisimulia miaka mingi akakuta haina hata chumba kimoja alichokisimulia. Alimtazama yule mama, akaitazama meza ya rola, akatazama tena. Niliona akipima. Ni fundi, macho yake yalipima yenyewe.

"Masanduku," alisema.

"Ndiyo," alijibu mama. "Yalikuwa yangu."

Mzee alivua kofia yake. Alikaa nayo mkononi bila kujua aifanye nini. Kisha akasema, "Nisamehe, dada yangu. Sikujua kama kuna mtu."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Hakusema sikujua ni ya kazi gani, wala sikujua wewe ni mfupi. Alisema hakujua kama kuna mtu.

Yule mama naye hakumrukia kwa furaha. Alikuwa ameumia siku nyingi. Alisema, "Sasa umejua," akapita, akaenda kufunga aproni yake. Lakini siku hiyo, bila kuambiwa, kijana wa zamu ya asubuhi alimsogezea bunda la shuka mpaka mbele ya rola kabla hajatoka.

Kesho yake mzee alikuja na kitu amekifunga kwa gunia. Jana yake alipotoka kazini alikuwa amepita kwa maseremala wa Gikomba, akachagua mbao mwenyewe, akasimama pale mpaka kikamalizika. Kilikuwa kijukwaa cha ngazi moja, kipana, kimepigwa randa mpaka kinateleza mkononi, na chini kimegongewa vipande vya tairi ili kisihame. Alikiweka mbele ya rola. Akamsubiri.

Mama alikipanda. Akaruka kidogo juu yake, akakijaribu huku na huku. Meza sasa ilimfika kiunoni kama inavyomfika kila mtu. Sote tulikuwa tukimtazama, zamu zote mbili.

"Hiki," alisema, "usikichome."

Aliyecheka kwanza alikuwa mzee mwenyewe. Kisha kiwanda kizima.

Sitasema tulipendana wote tangu siku hiyo. Kuna mama wa kukunja foronya ambaye mpaka alipostaafu alikunywa chai yake akiwa ameipa zamu ya pili mgongo, na ilikuwa haki yake. Kuna vijana wawili wa mashine za kufulia ambao baada ya kujuana walianza kugombana vizuri zaidi, kwa sababu ya mpira. Lakini neno "wale" lilipungua. Watu walianza kutajana mmoja mmoja. "Mwambie yule kijana mrefu kwamba mlango wa mashine ya tatu unakwama." "Yule msichana wa vitambaa vya meza amejifungua, tumchangie." Nguo za kurudia asubuhi zilikwisha. Lori la mchana lilipofika, pande zote mbili zilishika mlima ule pamoja, na mlima ukawa kichuguu.

Kisha ulikuja wakati mgumu. Mahoteli yalikosa wageni, malori yakapungua, wenye kampuni wakaanza kukata hapa na pale. Watu kadhaa walipunguzwa, na ile nusu saa yetu ikafutwa pamoja na chai yake. Meneja aliniita kunieleza mwenyewe. Aliona aibu. Nilimwambia naelewa, na kweli nilielewa. Niliwatangazia watu wa zamu ya pili kwamba kuanzia kesho wataingia saa nane kamili kama zamani. Waligeuka wakarudi kwenye mashine zao. Nilijua kilichokuwa kinakuja: harufu ya shuka zilizolala, na wale, na wale.

Kesho yake nilifika mapema kuweka mambo sawa. Nilipokaribia geti la nyuma nilisikia sauti za watu, na wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba wamegoma. Niliharakisha. Nilikuta zamu ya pili, karibu wote, wamekwisha ingia uani. Walikuwa wamekuja mapema kwa hiari yao, muda ambao hakuna wa kuwalipa. Mama wa rola alikuwa amebeba chupa yake ya chai kutoka nyumbani, wengine wamenunua mandazi kwa kibanda cha nje. Watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wakitoka wawili wawili na kuwaambia hali ya mashine. Mzee wangu alikuwa amechuchumaa kando ya yule mama, wanazungumza juu ya pipa moja la rola lililokuwa linapoa upande mmoja.

Askari wa geti alinijia. "Madam, hawa nimewaruhusu," alisema kwa wasiwasi. "Wameniambia ni wewe umesema."

Sikuwa nimesema. Niliwatazama. Kijana yule wa "niaje, madam" alikuwa ananitazama pia, akingoja aone nitafanya nini.

"Ni mimi," nikamwambia askari.

Nimepata mambo mengine ya kujivunia tangu hapo. Nilipewa kiwanda kizima, zamu zote. Kampuni ilipofungua tawi jingine, mimi ndiye niliyetumwa kulianzisha, na nusu saa ile ilirudi, safari hii ikiandikwa kwenye mkataba. Meneja yule sasa ni mkubwa makao makuu, na akiwa na watu wanaogombana hunipigia simu, na jambo la kwanza ninalomuuliza ni kama wamewahi kuonana. Watoto wangu wamesoma kwa shuka za watu.

Lakini siku ya kujivunia kuliko zote ni ile. Kazini watu hufanya mengi wakiwa wanatazamwa, na mengi zaidi wakiwa wanalipwa. Wale wangu walikuwa wamekuja bila kutazamwa na bila kulipwa, wamesimama kwenye jua la saa saba na nusu ili tu mtu wa asubuhi asiondoke bila kuaga. Nilivua viatu vya barabarani, nikavaa vya kazini, nikaomba kikombe. Mama wa rola alinimiminia chai yake. Ilikuwa na sukari nyingi mno, nami nikainywa yote.